Karata zinazopigana: Jinsi mchezo wa kubuni katika katuni ya Kijapani ulivyogeuka kuwa wa kweli

Miongoni mwa katuni za televisheni za Kijapani, zijulikanazo duniani kote kwa jina la anime, lipo kundi moja ambalo humshangaza mtazamaji anayelikuta kwa mara ya kwanza. Ndani yake vita haviamuliwi kwa ngumi wala kwa upanga. Vijana wawili husimama wakitazamana, kila mmoja ameshika karata chache mkononi, na kwa dakika 20 nzima hatima ya rafiki, ya ndugu au ya dunia yote hutegemea karata moja ambayo bado haijavutwa.

Hadithi za aina hii zilipata umbo lake la kudumu kupitia Yu-Gi-Oh!, jina ambalo kwa Kijapani lina maana ya mfalme wa michezo. Zilizofuata zimekuwa nyingi, nazo zimejenga biashara ya mabilioni ya karata. Je, mchezo uliobuniwa ndani ya kitabu cha hadithi ulipataje kutoka kurasani na kuingia mifukoni mwa watoto? Na mtoto anapofuata hadithi hiyo hadi dukani, ni kitu gani hasa anachouziwa?

Si karata zile za 52

Msomaji aliyezoea karata za kawaida hana budi kuweka kando mazoea yake. Katika karata za kawaida wachezaji wote hutumia fungu moja lenye karata 52, na karata hizo ni zilezile ziwe Mombasa, Muscat au Lisbon. Hakuna awezaye kuja barazani na karata yake mwenyewe, yenye nguvu kuliko za wenzake, akaichomeka katika mchezo.

Katika michezo inayosimuliwa na katuni hizi, jambo hilo ndilo msingi. Kila mchezaji huja na fungu lake alilolipanga mwenyewe kutoka maelfu ya karata tofauti. Kila karata ina jina, picha, na maandishi yanayoeleza uwezo wake. Mfumo huo ulianzishwa nchini Marekani mwaka 1993 na mtaalamu wa hisabati Richard Garfield, aliyebuni mchezo uitwao Magic: The Gathering, nao ukaenea upesi hadi Japani.

Katika mchezo wa Yu-Gi-Oh! kama unavyochezwa leo mezani, fungu huwa na karata zisizopungua 40 wala kuzidi 60, na karata ya aina moja hairuhusiwi kuwamo zaidi ya mara tatu. Karata ni za namna tatu: madubwana, uganga na mitego. Dubwana lina tarakimu mbili, moja ya kushambulia na nyingine ya kujilinda. Karata ya uganga hubadilisha hali ya mchezo papo hapo, na mtego hulazwa kifudifudi ukimngoja mpinzani aukanyage. Kila mchezaji huanza na pointi 8,000 za uhai, na za nani zikiisha ndiye aliyeshindwa. Hushindwa pia yule anayetakiwa kuvuta karata na kukuta fungu lake limekwisha.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ndilo zito kuliko yote. Karata hizi huuzwa katika pakiti zilizofungwa. Mnunuzi hajui kilichomo mpaka ameichana. Nyingi humo ni za kawaida, na chache sana ni adimu, zenye kumeremeta. Uadimu huo ndio unaoipa hadithi msisimko wake, na ndio huohuo unaoipa biashara faida yake.

Neno moja, bahari mbili

Kabla ya kuendelea, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua kwamba neno analolitumia lina ndugu yake huko Japani. Wajapani huita baadhi ya karata zao za jadi "karuta". Neno hilo, sawa na "karata" letu, limetokana na neno la Kireno "carta". Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na katika miaka ya 1540 wakafika Japani. Kila walikotia nanga, mabaharia walishuka na karata zao. Majina ya karata katika Kiswahili, yaani kopa, uru, shupaza na pau, bado yanabeba alama ya lugha ya wageni wale.

Wareno nao hawakuwa wabunifu wa mchezo huo. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la makumbusho la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za kale zilizochorwa kwa mkono wakati wa utawala wa Wamamluki wa Misri, zenye alama za vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo.

Huko Japani, watawala wa kipindi cha Edo walipiga marufuku karata za kamari mara kwa mara. Mafundi walijibu kila marufuku kwa kubuni karata mpya zenye picha nyingine. Kutokana na mchuano huo zilizaliwa karata za maua ziitwazo hanafuda, na mwaka 1889 mjini Kyoto ilianzishwa karakana ya kuzitengeneza iliyopewa jina la Nintendo, kampuni ambayo leo inajulikana zaidi kwa michezo ya kompyuta. Basi katuni za karata hazikuota jangwani. Zilipandwa katika nchi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imezoea kuona picha ndogo juu ya karatasi ngumu ikiwa na thamani kubwa.

Shujaa asiyepiga mtu

Kazuki Takahashi alizaliwa mjini Tokyo mwaka 1961. Alikuwa amechora kwa miaka mingi bila kupata jina kubwa. Septemba 1996 alianza kuchapisha Yu-Gi-Oh! katika jarida la kila wiki la Shonen Jump, ambalo huchapisha hadithi za picha ziitwazo manga kwa ajili ya wavulana. Jarida hilo lilikuwa limejaa hadithi za mapigano. Takahashi alitaka yake pia iwe ya mapambano, ila aliweka sharti moja: mhusika wake mkuu asimpige mtu yeyote.

Mhusika huyo ni Yugi Mutou, mwanafunzi mfupi na mpole ambaye wenzake humwonea. Anaishi na babu yake, mwenye duka dogo la michezo. Kwa miaka minane Yugi amekuwa akijaribu kuunganisha vipande vya fumbo la dhahabu lililotoka Misri ya kale. Siku anapofaulu, roho ya farao asiyekumbuka hata jina lake inaamka na kuanza kuishi ndani ya mwili wake. Roho hiyo humkabili mwonevu, hailipizi kisasi kwa ngumi, bali humwalika katika mchezo. Mwonevu anayedanganya hupata adhabu kali.

Mwanzoni michezo ilikuwa ya kila aina, na kila wiki ulikuja mpya. Karata zilijitokeza katika sura ya 9 na ya 10 tu, kama mchezo mmoja miongoni mwa mingi. Wasomaji waliitikia kwa wingi wakitaka kujua zaidi kuhusu mchezo ule. Takahashi na wahariri wake walisikiliza. Karata zikarudi, na zamu hii hazikuondoka tena, mpaka hadithi yote ikawa yao. Ilipokamilika Machi 2004 ilikuwa imefikisha sura 343 katika juzuu 38.

Hapa ndipo panapoonekana tofauti kati ya Yu-Gi-Oh! na bidhaa nyingi zilizofuata. Haikuanza kama tangazo la karata. Ilianza kama hadithi ya mtoto anayeonewa, na wasomaji ndio waliodai kupewa mchezo uliokuwa haupo.

Kutoka kurasani hadi mezani

Mchezo uliokuwa haupo ulianza kutengenezwa upesi. Mwaka 1998 kampuni ya Bandai ilitoa karata za kwanza, na mwaka huohuo studio ya Toei ikatengeneza mfululizo wa televisheni wa vipindi 27. Mafanikio makubwa yalikuja kwa mikono mingine. Kampuni ya Konami ilitoa mchezo wa kompyuta ya mkononi mwishoni mwa 1998, kisha Februari 1999 ikatoa karata zake zenye kanuni zilizopangwa upya. Aprili 2000 ulianza mfululizo wa pili wa televisheni, uliotengenezwa na studio ya Gallop na kurushwa na TV Tokyo. Huu ndio dunia inaoukumbuka. Ulidumu hadi Septemba 2004 kwa vipindi 224.

Kulikuwa na tatizo la kitaalamu. Mchezo wa Takahashi ulikuwa umebuniwa kwa ajili ya hadithi, si kwa ajili ya meza. Katika mapambano ya mwanzo kanuni zilinyumbuka kufuata mahitaji ya msimulizi. Katika pambano moja maarufu, Yugi anaamuru dubwana lake liushambulie mwezi uliomo katika karata yake mwenyewe, maji ya bahari yanakupwa, na mnyama wa baharini wa mpinzani anabaki amekwama nchi kavu. Kwa msimulizi ni ubunifu mzuri. Kwa mchezaji wa kweli ni jambo lisilowezekana, kwa sababu hakuna karata inayosema hivyo.

Kadiri karata zilivyouzwa, hadithi ililazimika kujifunza nidhamu ya mchezo. Mashindano yaliyofuata katika hadithi yalikuja na kanuni zilizo wazi zaidi. Hata hivyo katuni ilibaki na hesabu yake. Pointi za uhai zilikuwa 2,000 mwanzoni na baadaye 4,000, ilhali mezani ni 8,000. Sababu si ngumu kuielewa, kwani pambano la pointi 8,000 lisingetosha katika kipindi kimoja.

Kwa nini watazamaji hushikwa?

Anayetazama kwa mbali huuliza ni kitu gani kinachovutia katika kuwatazama watu wakicheza karata. Jibu la kwanza ni la kimacho. Katika katuni, karata ikiwekwa mezani dubwana lake huinuka kwa ukubwa wake wote na kunguruma. Jibu la pili lina uzito zaidi. Kila karata ni mtu. Mwenye hadithi amezichanga vizuri hata ukitaja karata, mtazamaji hukumbuka mwenyewe, na ukitaja mwenyewe hukumbuka jeraha lake.

Seto Kaiba, tajiri kijana na hasimu mkuu wa Yugi, ana karata tatu za Joka Jeupe lenye Macho ya Bluu. Ya nne ni ya babu yake Yugi, aliyepewa na rafiki, naye anakataa kuiuza kwa bei yoyote. Katika kipindi cha kwanza cha mfululizo wa mwaka 2000, Kaiba anaipata kwa kumshinda mzee yule mchezoni, kisha anaichana vipande viwili, isije ikatumiwa dhidi yake. Hapo maana mbili za karata zinagongana. Kwa Kaiba ni silaha. Kwa mzee ni amana ya rafiki. Yugi anaingia mchezoni na fungu la babu yake, lenye karata ambazo tajiri yule anaziona dhaifu, na anashinda kwa kukusanya vipande vitano vya kiumbe kimoja ambavyo kila kimoja peke yake hakina maana.

Yuko pia Katsuya Jonouchi, rafiki wa Yugi, ambaye zamani alikuwa mmoja wa waliomwonea. Anaingia mashindanoni bila ujuzi, akitafuta fedha za kumlipia dada yake upasuaji wa macho. Baadaye, katika mashindano ambayo anayeshindwa hupoteza karata yake iliyo adimu kuliko zote, matapeli wanamnyang'anya joka analolipenda. Yugi analikomboa na kumrudishia. Jonouchi anakataa kulipokea. Anamwambia alitunze mpaka atakapokuwa mchezaji anayestahili. Kwa mtoto wa miaka 10 anayetazama, hilo ni somo juu ya heshima ambalo mwalimu angelitumia mwezi mzima kulifundisha.

Misri ya hadithi na Misri ya kweli

Hadithi hii ya Kijapani ina mizizi ya kubuni katika bara la Afrika. Takahashi anasimulia kwamba mchezo wa karata wa leo ni kivuli cha michezo ya kale iliyochezwa na mafarao kwa kutumia mawe yenye madubwana halisi. Karata tatu zenye nguvu kuliko zote ni za miungu: Obeliski, Osiris na Ra. Jina la farao aliyepoteza kumbukumbu, linalofichuliwa karibu na mwisho, ni Atem, lenye kumkumbusha msomaji mungu Atum, ambaye Wamisri wa kale walimhesabu kuwa mwumbaji.

Ukweli wa kihistoria ni tofauti, lakini si mbali kama inavyodhaniwa. Mafarao hawakujua karata. Walichokijua ni senet, mchezo wa kete juu ya ubao wenye miraba 30, ambao polepole uliungana na imani juu ya safari ya marehemu. Mbao za senet zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922. Wazo kwamba mchezo ni njia ya kuvuka kutoka uhai kwenda upande wa pili, ambalo ndilo moyo wa hadithi ya Takahashi, lilikuwa wazo la Wamisri wenyewe.

Moyo au mfuko?

Sasa tufike penye utata. Hadithi humwambia mtoto jambo moja tena na tena: mwenye kuziamini karata zake hushinda. Yugi, akiwa amebaki na pointi chache, hufumba macho, huvuta, na karata anayoihitaji huja. Mezani mambo hayaendi hivyo. Karata haijui nani anaiamini. Anayeshinda ni mwenye fungu lililopangwa vizuri, na mara nyingi fungu hilo lina karata ambazo ama zimepatikana kwa bahati baada ya kuchana pakiti nyingi, ama zimenunuliwa moja moja kwa bei kubwa.

Ukubwa wa biashara hii si siri. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliutambua mchezo huu kuwa ulioongoza kwa mauzo ya karata za aina yake, na hadi Machi 2011 karata zaidi ya bilioni 25 zilikuwa zimeuzwa. Dalili za joto lake zilionekana mapema. Agosti 1999 makumi ya maelfu ya watu walifurika katika uwanja wa Tokyo Dome, ambako kulikuwa na mashindano na karata maalumu zikiuzwa. Karata hazikutosha, vurugu zikazuka, na polisi wakaitwa.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1990 kuhusu televisheni ya watoto iliweka kikomo cha matangazo: dakika 10 na nusu kwa saa mwishoni mwa juma, na dakika 12 siku nyingine. Aidha, kipindi kizima huhesabiwa kuwa tangazo iwapo katikati yake linarushwa tangazo la bidhaa inayotokana na kipindi hichohicho. Kwa hiyo karata haziwezi kutangazwa katika mapumziko ya katuni yake. Lakini katuni yenyewe, inayozionyesha karata hizo mwanzo hadi mwisho, huhesabiwa kuwa hadithi. Mpaka kati ya hadithi na tangazo, ambao sheria ilijaribu kuuchora, unapita katikati ya kipindi kimoja.

Japani nayo ililazimika kuweka mpaka wake. Mwaka 2012 mamlaka ya kulinda walaji ilitangaza kwamba ni kinyume cha sheria, katika michezo ya simu, kumtaka mchezaji akusanye seti kamili ya vitu vinavyotolewa kwa bahati nasibu ndipo apewe zawadi adimu. Mtego wa mpango huo ni rahisi: kadiri seti inavyokaribia kutimia, ndivyo kila ununuzi unaofuata unavyozidi kuleta vitu ambavyo mtu tayari anavyo. Pakiti za karata za karatasi hazikuguswa na tamko hilo.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amenaswa na mchezo huu, kuna jambo la kufaa kulijua. Yapo mafungu kamili yanayouzwa yakiwa tayari kwa kucheza, na karata zilizomo hutajwa wazi. Anayenunua fungu la namna hiyo ananunua mchezo. Anayenunua pakiti iliyofungwa ananunua kwanza bahati. Vyote viwili ni halali, ila inafaa mtoto ajue ni kipi anacholipia.

Warithi wa Yugi

Baada ya mfululizo wa kwanza ilifuata mingine kadhaa ya jina hilohilo, kuanzia GX mwaka 2004, kila mmoja ukiwa na shujaa mpya na mara nyingi namna mpya za karata. Kampuni nyingine nazo zilijifunza. Duel Masters, iliyoanza mwaka 1999 kama hadithi ya picha kuhusu mchezo wa Kimarekani wa Garfield, iligeuka mwaka 2002 na kuwa na mchezo wake yenyewe. Cardfight!! Vanguard ya mwaka 2011 ilikwenda mbele zaidi. Mchoraji Akira Itō, aliyewahi kuwa msaidizi wa Takahashi, alishirikiana na kampuni ya Bushiroad, na katuni na karata vilipangwa pamoja tangu siku ya kwanza. Safari iliyoanza kwa barua za wasomaji ilikuwa imekuwa mpango wa kiwandani.

Si wote waliofuata njia hiyo bila kujiuliza. Mwaka 2014 ulitoka mfululizo wa WIXOSS, ambao nao una karata zake madukani, lakini hadithi yake ni ya huzuni. Wasichana huahidiwa kwamba wakishinda mapambano watatimiziwa matakwa yao. Anayeshindwa mara tatu hupata kinyume cha alichokitamani, na hata ushindi unakuja na gharama iliyofichwa. Ni nadra bidhaa kumwonya mteja wake kwa uwazi kiasi hicho.

Hadithi ilipovuka bahari

Watazamaji wengi nje ya Japani waliijua Yu-Gi-Oh! kupitia toleo la Kiingereza la kampuni ya 4Kids, lililoanza kurushwa Marekani Septemba 2001. Toleo hilo lilibadilisha mengi. Jonouchi akawa Joey Wheeler. Mungu Osiris akapewa jina la Slifer, ambalo ni jina la ukoo la mmoja wa watayarishaji. Maandishi kwenye karata yakafutwa katika picha. Kifo nacho kiliondolewa: wahusika waliokuwa katika hatari ya kufa sasa walitishiwa kupelekwa katika ulimwengu wa vivuli. Katika pambano moja misumeno iliyokuwa tayari kukata miguu ya wachezaji ilichorwa upya ikawa visahani vya mwanga. Mwaka 2011 TV Tokyo na mshirika wake waliishtaki 4Kids kuhusu malipo ya haki, na kampuni hiyo ikaomba hifadhi ya kufilisika. Mwaka 2012 haki za Yu-Gi-Oh! zikaenda kwa Konami.

Kupunguza makali ya kifo kulikuwa na hasara moja kubwa, kwa kuwa kifo ndicho kinachobeba maana ya pambano la mwisho. Ili farao Atem aiage dunia na kupumzika, lazima ashindwe mchezoni. Anayepaswa kumshinda ni Yugi, mtoto aliyekuwa akijificha nyuma yake. Atem anatumia karata inayofufua wafu kutoka makaburini. Lakini Yugi alikwisha kutabiri hivyo, na alikuwa ameifungia karata ya aina hiyohiyo ndani ya sanduku la dhahabu, jambo linaloibatilisha ile ya Atem. Anamwonyesha rafiki yake kwamba waliokufa hawana budi kuachwa waende. Yugi anashinda huku analia.

Takahashi mwenyewe alifariki Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 60. Mwili wake ulikutwa baharini karibu na pwani ya Okinawa, akiwa na vifaa vya kuogelea. Miezi mitatu baadaye gazeti la jeshi la Marekani, Stars and Stripes, liliripoti kwamba siku ya tukio alikuwa ameingia majini kusaidia kuwaokoa watu waliokuwa wakichukuliwa na mkondo wa bahari.

Mchezo wake unaendelea. Mashindano ya dunia, ambayo mwaka 2003 yalifanyika New York, bado huwakutanisha wachezaji wa mataifa mengi, na tangu Januari 2022 lipo toleo la kompyuta na simu linaloweza kuanzwa bila malipo. Pakiti zake bado zinafungwa, na kilichomo bado hakijulikani mpaka zichanwe.